Leso dazeni moja nusura zivunje posa

HUKO Chawia, kwenye vilima vya Taita juu ya Mwatate, kuna nyumba ambayo ukilitaja neno 'leso' watu huangua kicheko. Siku yenyewe, lakini, hakuna aliyecheka.

Kijana kutoka Morogoro, Tanzania, alikuwa amemchumbia binti wa hapo. Wazee walipokutana, upande wa msichana ulidai, pamoja na mengine, leso dazeni moja za akina nyanya na shangazi. Kijana alikubali papo hapo, wala hakuomba apunguziwe!

Siku ya kuleta vitu, shangazi mtu alikabidhiwa kifurushi kidogo cha kutosha kiganjani. Kukifungua, alikuta vitambaa 12 vyeupe vya kufutia jasho, vimekunjwa vizuri. Nyanya aliinuka bila neno, akaingia ndani na kufunga mlango. Kwake hilo lilikuwa tusi: ameletewa vya kufutia machozi.

Msomaji, kijana yule hakuwa na ubaya. Bara ya Tanzania, leso ni kitambaa cha mfukoni. Lile vazi ambalo mama wa Chawia hujifunga kiunoni akienda shambani, akambebea mtoto mgongoni na kujitanda matangani, kwao ni kanga.

Basi nani mwenye neno? Wote wawili, na ukibana sana, kijana ndiye aliye karibu zaidi na asili. Leso imetokana na neno la Kireno, lenço, yaani kitambaa cha mkononi au cha kichwani. Wareno, walioanza kujenga Fort Jesus mwaka wa 1593 na kufukuzwa Mombasa mwaka wa 1698, walituachia pia meza, bendera na mvinyo.

Kitambaa kiligeukaje vazi? Inasimuliwa kwamba leso ziliuzwa zikiwa bado zimeshikana katika jora, na muuzaji alimkatia mteja moja moja. Katikati ya karne ya 19 wanawake wa pwani wakaanza kukatiwa sita kwa pamoja. Walizigawa tatu tatu, wakaziunganisha ubavuni kwa uzi na sindano, wakapata nguo moja pana. Wenye maduka, ambao hawalali pesa inapopita, wakaagiza nguo nzima iliyokwisha kupigwa chapa. Kenya ikabaki na jina la kitambaa. Kwingine madoadoa ya nguo zile za mwanzo yalifananishwa na manyoya ya ndege kanga, na jina likakwama hapo.

Maneno ya kwenye pindo yalikuja baadaye, kwanza kwa herufi za Kiarabu. Mfanyabiashara wa Mombasa, Kaderdina Hajee Essak, ambaye duka lake lilianza mwaka wa 1887, ndiye anayesifiwa kwa kuyaeneza. Nguo zake zilijulikana kwa chapa ya 'Mali ya Abdulla'.

Chawia, mwalimu mmoja mstaafu ndiye aliyeamua kesi. Kijana alipelekwa Voi na mjomba wa msichana, na shangazi akafuatana nao ili asome mwenyewe kila jina la leso kabla halijalipiwa. Aliyakataa mawili yaliyokuwa na kijembe.

Jioni nyanya alifungua mlango. Vile vitambaa hakuvirudisha. Hadi leo hufungia ugoro wake.