Sumakuumeme na Uchafu Uliofichika Ardhini: Mfano wa Kericho na Bomet

Katika maeneo ya majani chai ya Kericho na Bomet, wapo wakazi wanaoteka maji kwenye chemchemi za mabondeni. Jaa la taka likiwa juu ya mteremko, mvua huyeyusha chumvi zake na kuziteremsha ardhini polepole. Je, njia yake itajulikanaje bila kuchimba kila mahali?

Istilahi "sumakuumeme" yenyewe inadokeza jibu, na waliounganisha maneno hayo mawili hawakukosea. Mwaka 1831 Michael Faraday alionyesha kuwa sumaku inayobadilika huzalisha umeme. Mpimaji hutembea na koili mbili. Ya kwanza hutoa uga wa sumaku unaobadilikabadilika. Uga huo huamsha mikondo midogo ya umeme ardhini. Mikondo nayo huzaa uga wake, ambao hunaswa na koili ya pili. Chumvi zikizidi katika maji ya ardhini, mikondo hupata nguvu. Koili zikitenganishwa zaidi, kipimo hufika chini zaidi.

Hata hivyo, ala hii haioni sumu. Huona upitishaji wa umeme tu. Udongo wa mfinyanzi uliolowa, ua wa seng'enge au mbolea iliyoyeyuka shambani huweza kuleta ishara ile ile, ilhali mafuta yaliyomwagika huenda yasionekane kabisa. Kwa hiyo mpimaji hana budi kuanzia kwenye udongo wa aina ile ile ulio mbali na jaa, apate kiwango cha kulinganishia, kisha achimbe panapotiliwa shaka na kupeleka sampuli maabara. Maji ya chemchemi nayo yapimwe, hata kama ramani haikuonyesha kitu.