Fedha za Serikali kwa Masomo ya Juu: Ni Nani Anayestahiki?

Wanachama wetu wengi wana vijana walio Kidato cha 6, na wengine wamekwisha kufaulu, wangojea kwenda chuo kikuu. Kila mkulima ajua kwamba mkarafuu hauzai sawasawa kila mwaka, lakini ada ya chuo haingojei mwaka wa neema. Ndiyo maana wazee wengi wanaitazamia Serikali. Twaona yafaa kueleza hapa ni nani anayestahiki fedha hizo, kwani kufaulu mtihani ni nusu ya safari tu. Nusu ya pili ni kuthibitisha kwa karatasi kwamba kijana ni wa hapa, na ni mtoto wa nani.

Kwanza tutenganishe mkopo na ufadhili. Mkopo ni deni. Ufadhili haulipwi. Wako wazee wanaosema mtoto wao "amepewa na Serikali", kumbe amekopeshwa.

Mlango wa kwanza ni Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004. Bodi hii ni ya Jamhuri ya Muungano, na sharti lake la kwanza ni Utanzania. Haiulizi kama mwombaji anaishi Wete au Mwanza. Miongozo yake ya miaka ya karibuni imetaka mwombaji awe amekwisha kukubaliwa na chuo, na umri wake usizidi miaka 35. Akipata kazi ya mshahara, hukatwa asilimia 15 ya mshahara wake wa msingi mpaka deni liishe.

Mlango wa pili ni Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu Zanzibar, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2011. Fedha zake hutoka katika hazina ya Zanzibar, basi mwombaji hutakiwa awe Mzanzibari. Hapa ndipo kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi kinapokuwa na kazi kubwa. Kijana aliyetimia miaka 18 asikae bila ya kukichukua. Na aliyelelewa kwa mjomba wake Tanga au Dar es Salaam, wazee wake wamtengenezee mambo yake mapema kwa sheha wa shehia yao, wasingoje mpaka siku ya kujaza fomu. Kijana wa Visiwani aweza kuchagua bodi moja katika hizi mbili, lakini si halali kula mikopo miwili kwa pamoja.

Mlango wa tatu ni ufadhili wa Samia, ulioanza mwaka 2022. Huu si mkopo. Hupewa Watanzania waliofaulu kwa daraja za juu kabisa masomo ya sayansi ya Kidato cha 6, wakaenda kusoma sayansi, uhandisi au utabibu. Mlango wenyewe ni mwembamba, lakini wasichana na wavulana wetu wasiuogope.

Kutaka uthibitisho wa ukaazi si jambo la kwetu peke yetu. Katika jimbo la Georgia, Marekani, uko ufadhili uitwao HOPE, ulioanza mwaka 1993 kwa fedha za bahati nasibu ya jimbo. Kijana ambaye hakuwa mkaazi wa Georgia alipomaliza skuli hutakiwa akae huko miezi 24 mfululizo ndipo astahiki. Raia wa Marekani ni raia, lakini hazina ya jimbo ni ya wakaazi wa jimbo. Wenye jamaa huko walijue hilo kabla ya kufanya hesabu zao.

Sasa tuje kwenye karatasi, maana hapa ndipo panapoumiza. Cheti cha kuzaliwa hutakiwa kihakikiwe: kwa Zanzibar na Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii, na kwa Bara na Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini. Mathalan, mtoto amezaliwa nyumbani msimu wa kuchuma, hakuandikishwa. Au cheti kimeandika Hamadi, na skuli imeandika Hamad Ali. Kwa jirani ni mtu mmoja. Kwa karani ni watu wawili. Aliyezaliwa Oman au nchi nyingine hutakiwa barua kutoka kwa Wakala hao. Na kijana aliyefiwa na baba huangaliwa kwa jicho la huruma, lakini lazima aonyeshe cheti cha kifo. Kama kifo kile hakikuandikishwa, basi kijijini ni yatima, na katika fomu ana baba. Ni msiba juu ya msiba, na dawa yake ni kuandikisha.

Iko shida nyingine inayotuhusu sisi wakulima hasa. Miaka ya karibuni Bodi ya Muungano imefungua maombi mwezi wa Juni, na siku za kuomba huendelea mpaka kwenye mavuno ya karafuu. Wakati huo baba yuko kambini, mama yuko kwenye majamvi, na kijana yuko juu ya mkarafuu. Siku hupita. Mkulima aanikaye karafuu ajua thamani ya siku moja ya jua, na siku ya mwisho ya maombi nayo ni hivyo hivyo.

Kwa hiyo twawanasihi wanachama wote, hata wenye watoto wa darasa la kwanza. Kabla ya msimu fungueni masanduku, mtoe vyeti, mlinganishe majina herufi kwa herufi. Palipo na kosa, nendeni mkalirekebishe mtoto angali mdogo. Na kila mwaka usomeni mwongozo mpya wa bodi mnayoiomba, kwani masharti hubadilika. Asiyejua kusoma asione haya kumwuliza mwalimu. Mtoto aliyefaulu kwa jasho lake asikose nafasi kwa ajili ya cheti ambacho sisi wazee tungeweza kukitafuta zamani.