Mchoraji Aliyedharauliwa Mlangoni

Mwaka 1876 Marekani ilitimiza miaka 100 ya uhuru wake, na maonyesho makubwa yakafanyika mjini Philadelphia. Miongoni mwa picha zilizoshindanishwa ilikuwamo moja ya mandhari, iitwayo "Under the Oaks", yaani Chini ya Mialoni. Picha hiyo ilitunukiwa medali.

Mwenye kazi yake, Edward Mitchell Bannister, alikwenda ofisini kuhakikisha habari hiyo. Alikuwa mtu mweusi. Kama alivyosimulia mwenyewe baadaye, waliokuwamo walinong'ona wakiulizana huyu ameingiaje, na ofisa akamjibu kwa ukali. Alipotamka kwamba yeye ndiye mchoraji, ofisa yule yule akamwomba radhi na kumnyenyekea. Inaelezwa kuwa hata waamuzi walitaka kuitazama upya hukumu yao, na washindani wenzake ndio walioshikilia kwamba haki isipinduliwe.

Bannister alizaliwa New Brunswick, Kanada, katika miaka ya 1820, akawa yatima angali kijana. Alifanya kazi melini, kisha akawa kinyozi mjini Boston. Uchoraji alijifunza kwa jitihada, akihudhuria darasa za jioni. Mkewe, Christiana Carteaux, aliyekuwa na biashara ya kutengeneza nywele, ndiye aliyemwezesha kwa kipato chake kushika brashi kila siku. Inasemekana kilichomchochea zaidi ni gazeti moja la New York lililoandika mwaka 1867 kwamba mtu mweusi aweza kuipenda sanaa, lakini hawezi kuizalisha. Jawabu lake halikuwa matusi, bali kazi: malisho, ng'ombe, mawingu na pwani za Rhode Island. Mwaka 1880 alikuwa miongoni mwa waasisi wa Klabu ya Sanaa ya Providence. Alifariki mwaka 1901, na rafiki zake wachoraji wakamwekea jiwe kaburini.

Picha ile ya ushindi imepotea, haijulikani ilipo. Kilichosalia ni kisa cha mlangoni, nacho chatuhusu. Tuonavyo sisi, kosa la ofisa yule si kutomtambua mshindi. Ni kudhani kwamba asiye mshindi hastahili heshima. Radhi iliyokuja baada ya cheo kujulikana ilikuwa heshima kwa medali, si kwa mtu. Kila akaliaye meza ya umma, hapa visiwani na kwengineko, hana budi kujiuliza: mvuvi au mkulima wa karafuu asimamapo mbele yangu, namjibu kabla au baada ya kumjua ni nani?