Pima jikoni kabla ya kulipia jokofu

Mama lishe, muuza maziwa au mwenye genge anapopata fedha za kununua jokofu, mara nyingi huuliza mambo mawili tu: bei na lita. Lakini lita ni ujazo wa ndani. Hazionyeshi jokofu litachukua nafasi kiasi gani jikoni, wala kama litapita mlangoni.

Tatizo hugundulika mzigo ukiwa umeshashushwa. Hapo mnunuzi hulibana jokofu ukutani, au hulirudisha dukani na kulipa usafiri mara ya pili.

Upimaji uanzie jikoni. Chukua tepu, upime upana, kimo na kina cha mahali unapokusudia kuliweka. Upana upimwe juu, katikati na chini, kwa kuwa kuta nyingi hazikunyooka. Tumia kipimo kilicho kidogo kuliko vyote. Pima pia kila mlango na kona litakapopitia. Andika vipimo hivyo, uende navyo dukani, na huko pima jokofu lenyewe pamoja na mshikio wake na mabomba ya nyuma.

Liachie nafasi ya hewa

Jokofu hutoa joto lililo ndani na kulimwaga nje. Joto hilo likikosa pa kwenda, kompresa hufanya kazi karibu bila kupumzika, umeme mwingi huliwa, na maziwa au samaki wanaweza kuharibika. Fuata nafasi iliyotajwa kwenye kitabu cha maelekezo. Kama kitabu hakipo, acha sentimita 10 nyuma na juu, na 5 kila upande.

Kwa mfano, jokofu lenye upana wa sentimita 60 na kina cha 65 litahitaji upana wa 70 na kina cha 75. Mlango ukifunguliwa huongeza karibu sentimita 60 mbele. Hivyo kutoka ukutani zinahitajika sentimita 135, kabla ya kuhesabu mahali pa mtu kusimama. Kwa friza la kulala, usiweke rafu juu yake, maana mfuniko hufungukia juu.

Liweke mbali na jiko na jua. Kwa sehemu za joto kama Dar es Salaam, Tanga na Mombasa, tafuta herufi T kwenye kibandiko cha jokofu. Maana yake limetengenezwa kufanya kazi kwenye joto la hadi nyuzi 43 za Selsiasi. Lenye herufi N mwisho wake ni nyuzi 32.

Likilazwa ili lipite mlangoni, lisimamishe kwa saa kadhaa kabla ya kuliwasha, ili mafuta yarudi kwenye kompresa.

Nafasi isipotosha, chagua jokofu dogo zaidi au tafuta mahali pengine. Fanya uamuzi huo kabla ya kutoa fedha.