Pilote, tezi ya shingo na nyongo

Bandugu, miye ni mtu wa kilimo, lakini hii inatugusa. Kule Idjwi, katika Ziwa Kivu, watafiti walionyesha kwamba goita ilitokana na upungufu wa iyodi, na muhogo usiolowekwa vizuri ukaizidisha. Pilote anayerukia Luano anakula bukari kama sisi wa Karavia. Tezi ikilegea, anachoka, anawaza polepole. Kipimo cha damu, TSH, kinaionyesha. Akimeza levotiroksini kila siku na damu ikitulia, daktari wa anga anaweza kumrudisha kazini.

Mawe ya nyongo yanaonekana kwa ekografi. Yakianza kuuma, mara nyingi wanatoa kifuko chenyewe, kisha anapumzika mpaka apone. Hatari ni kuficha sababu ya kuogopa kupoteza lisansi: maumivu yakimshika angani, hakuna pa kusimama.