Sahani ya Dagaa na Kalenda ya Ziwa: Mambo ya Kuzingatia Unapokula kwa Mama Lishe

Mwananchi anayeingia katika mgahawa mdogo wa Kibirizi, Katonga au Ujiji na kuagiza ugali wa muhogo kwa dagaa wabichi, mara nyingine hujibiwa kwamba dagaa hawapo. Wapo wanaodhani kuwa mama lishe amezembea, au ameficha kitoweo ili apandishe bei. Makala haya yanafafanua sababu za upungufu huo, pamoja na wajibu wa mpishi na haki za mlaji.

Sababu ya kwanza ni mwezi. Dagaa wa Ziwa Tanganyika huvuliwa usiku wa giza. Wavuvi huwasha taa juu ya maji, zamani zikiwa karabai na leo nyingi zikiwa za betri na umeme wa jua, nao dagaa huifuata nuru hiyo hadi karibu na wavu. Mbalamwezi inapoenea ziwani, taa hupoteza nguvu, samaki hutawanyika, na wavuvi wengi huvuta mitumbwi pwani wakapumzika. Hivyo, kila mwezi zipo siku ambazo dagaa wabichi na migebuka huadimika na bei yake hupanda. Mama lishe anayekueleza hivyo anasema kweli.

Sababu ya pili ni mapumziko ya ziwa. Kuanzia tarehe 15 Mei hadi tarehe 15 Agosti 2024, Serikali ilisitisha shughuli za uvuvi katika Ziwa Tanganyika ili samaki wapate kuzaliana na kukua. Hatua hiyo ilitokana na makubaliano ya nchi 4 zinazolizunguka ziwa hili, yaani Tanzania, Burundi, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo na Zambia. Miezi mitatu si muda mfupi kwa kaya inayoishi kwa kuuza sahani za samaki. Hata hivyo, samaki akivuliwa kabla ya kuzaa, hasara humrudia mpishi yuleyule katika miaka inayofuata.

Ziwa linapopumzika, meza haibaki tupu. Mkoa wetu una maharage, ndizi, muhogo na mawese, na kisamvu kilichoungwa kwa mawese ni mlo kamili pamoja na ugali. Dagaa wakavu nao huziba pengo, mradi wawe wameandaliwa vema. Dagaa walioanikwa juu ya chanja hukauka kwa usawa na hawachanganyiki na mchanga wala uchafu wa ardhini. Mama lishe anayenunua akiba yake wakati dagaa ni wengi, na kuihifadhi mahali pakavu, hupunguza makali ya msimu wa uhaba. Kwa upande wa unga, muhogo mchungu sharti ulowekwe siku kadhaa na kukaushwa kikamilifu kabla ya kusagwa, kwa kuwa una sumu asilia ambayo haiondoki kwa haraka ya mpishi.

Jambo lisilo na msimu ni usafi. Wakazi wa mwambao hawajasahau mwezi Mei 2015, kipindupindu kilipozuka Kagunga wakati maelfu ya wakimbizi kutoka Burundi walipokusanyika katika kijiji hicho cha ufukweni. Ugonjwa huo huenea kwa maji na chakula kilichochafuliwa. Kwa sababu hiyo, kila anayeandaa au kuuza chakula anatakiwa kupima afya kila baada ya miezi 6. Mlaji naye ana haki ya kukuta maji tiririka na sabuni ya kunawia, chakula cha moto kilichofunikwa, vyombo vilivyooshwa kwa maji safi, na choo kinachotumika. Panapokosekana mambo hayo, toa taarifa kwa Afisa Afya wa Kata au kwa Afisa Mtendaji. Lengo la taarifa hiyo ni kumwezesha mpishi kurekebisha kasoro kabla mtu hajaugua.

Kwa mama lishe wanaohitaji mtaji wa kununulia akiba, chanja au vyombo, halmashauri nchini hutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo hutolewa kupitia vikundi vilivyosajiliwa, na maelezo ya namna ya kuunda kikundi na kuomba hutolewa na Afisa Maendeleo ya Jamii wa Kata.

Ndugu mwananchi, siku utakayoambiwa kwamba dagaa wabichi hawapo, uliza kilichopo. Ukila maharage kwa mawese siku hiyo, mama lishe anapata riziki yake, na ziwa linapata muda wa kukuandalia kitoweo cha msimu ujao.