SIRI YA MGONJWA KATIKA ZAMA ZA KOMPYUTA

Kumbukumbu za wagonjwa zinazidi kuhama kutoka katika majalada na kuingia katika kompyuta. Manufaa yake ni dhahiri. Hapa Zanzibar, chini ya mpango wa Jamii ni Afya, wahudumu wa kujitolea wamekuwa wakiingiza katika simu taarifa za mama wajawazito na watoto, ili mwenye dalili za hatari apelekwe kituoni mapema.

Hata hivyo, wananchi na watumishi wa umma wanapaswa kuelewa kwamba taarifa iliyo nyepesi kuisoma ni nyepesi pia kuivujisha. Singapore, nayo nchi ya kisiwa, imepata mafunzo mawili.

Mwezi Julai 2018 ilitangazwa kuwa wezi wa mtandao wamechukua taarifa za wagonjwa wapatao milioni 1.5 wa hospitali na vituo vya SingHealth. Kwa wagonjwa 160,000 kati yao, zilichukuliwa pia kumbukumbu za dawa walizopewa.

Mwezi Januari 2019 ikatangazwa kuwa taarifa za watu 14,200 wanaoishi na virusi vya UKIMWI zimewekwa hadharani katika intaneti. Safari hii mlango haukuvunjwa. Wizara ya Afya ya huko ilieleza kuwa orodha hiyo iliaminika kutoka kupitia kwa daktari wa serikali aliyekuwa na idhini ya kuifungua. Tangu 2016 Wizara hiyo ilikuwa imeweka sharti la idhini ya watu wawili kabla ya orodha kunakiliwa, lakini nakala moja ilikwisha toka.

Kwa hiyo kinga ya kwanza si mtambo, bali ni uaminifu wa aliyekabidhiwa ufunguo. Mtumishi asimwazime mwenzake neno la siri, asifungue kumbukumbu za mgonjwa asiyemhudumia, wala asipige picha daftari au kioo cha kompyuta. Katika shehia ambayo watu wote wanajuana, hata umri na mtaa vyatosha kumtambulisha mtu ambaye jina lake limefichwa.

Mwananchi naye ni stahiki yake kuuliza taarifa zake zinaandikwa kwa sababu gani na nani atazisoma. Kuuliza huko kusihesabiwe kuwa ni ukaidi, kwani mgonjwa anayehofia siri yake huacha kwenda hospitali.